Aliyemfumba Mama Macho

Al Mansoura, Doha

Dada Rukia,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti liwe limepata nafuu. Watoto hawajambo? Mimi mwili hauna tatizo, alhamdulillahi. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu ninalotaka kukuuliza nimelianza mara nyingi kwenye simu, na kila mara nimeishia kuuliza bei ya vitunguu. Anakuletea Hamisi, dereva wa jengoni kwetu, anayekuja likizo kwao Korogwe.

Dada, kazi yangu unaijua nusu. Wodi yetu ni ya wanawake, na wauguzi wenzangu wengi ni Wahindi na Wafilipino, si Waislamu. Mgonjwa Mwislamu akifariki, wananiita mimi. Hakuna aliyeamuru, ilianza tu hivyo. "Sista Mwanahawa, njoo." Namfumba macho, namfunga taya kwa bendeji, namnyoosha mikono na miguu kabla mwili haujakakamaa, namfunika. Wenyewe wanakuja kumchukua kwenda kumwosha. Zamani nilikuwa naifanya kwa moyo mweupe. Nikitoka nanawa, nakunywa chai, nalala.

Tangu mama afariki, sivyo tena. Unakikumbuka kidole chake cha mwisho, cha mkono wa kulia, kile kilichoungua utotoni kikabaki kimepinda? Akichota unga kwa kiganja, kilikuwa kinabaki nje kama mtu aliyekataa kuingia ndani. Sasa kila mkono ninaounyoosha nakikuta. Nafika kidole cha mwisho, na hata kama kimenyooka, mkono wangu unasita. Juzi nilikuwa namfunika bibi mmoja, nikasikia harufu ya mafuta ya nazi aliyokuwa akijipaka mama. Niligeuka. Palikuwa na kiti tu.

Sista Leela, msimamizi wetu, aliona. Aliniita, akaniuliza, "Mwanahawa, bado unaipenda kazi hii?"

Nikamjibu kwamba naimudu.

"Sikuuliza kama unaimudu."

Akaniambia kuna nafasi kliniki, kwenye chanjo za watoto. Mshahara uleule, Ijumaa nyumbani, na hakuna anayekufa. Nimjibu kabla ya wiki kuisha.

Nilimweleza Achieng, yule muuguzi wa Kisumu ninayekaa naye chumba kimoja. "Na unangoja nini?" akasema. "Mimi ningekuwa nishaenda jana. Huko ni kudunga watoto sindano na kupigwa mateke, basi."

"Na wodini wataitwa nani?"

"Ai, wewe nawe! Kwani hospitali ni ya babako?"

Tulicheka. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua kwenda.

Asubuhi niliyokusudia kutoa jibu, alifariki bibi mmoja wa Umm Salal, nje kidogo ya Doha. Binti yake alikuwa amemwuguza siku nzima na usiku, akaenda nyumbani mara moja kubadili nguo, na bibi hakumngoja. Nilimfanyia yote. Binti aliporudi, alisimama mlangoni na mkoba bado begani.

"Aliumia?"

Nikamwambia, kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, kwamba hapana, aliondoka taratibu.

"Nani alimfumba macho?"

"Mimi."

"Kwa mkono upi?"

Nilishangaa, nikamwonyesha. Akaushika, akauweka shavuni mwake, akakaa nao hivyo. Sista Leela alifika mlangoni, akatutazama, akarudi zake.

Hapo nikakukumbuka wewe. Ulikwenda nyumbani kuchemsha uji, na uliporudi ukamkuta mama ameshanyooshwa na kufunikwa. Mimi nilikuwa zamuni, simu imefungiwa kabatini, na nilipoiwasha mlikuwa mmeshamzika. Hakuna kati yetu aliyekuwepo, dada. Alikuwepo muuguzi mmoja wa hospitali ya wilaya, ambaye huenda hakuwa amekula tangu jana yake. Sisi hatukumwambia hata ahsante. Hata jina lake hatulijui.

Nimemwambia Sista Leela nabaki wodini. Akauliza kama nimeanza kuipenda tena kazi. Nikamwambia sijui, na ni kweli sijui. Mama hajaondoka kwenye mikono yangu, na zipo siku naiogopa. Lakini siwezi kuchoma watoto sindano huku nikijua kuna binti wa mtu amerudi, amesimama mlangoni, na hakuna wa kumjibu.

Nakuomba uende pale hospitalini, uulize ni muuguzi gani aliyekuwa zamuni asubuhi ile. Katika mzigo wa Hamisi kuna khanga mbili. Ya zambarau ni yake, ya kijani yako. Mpe mwenyewe, na umshike mkono.

Nisalimie Baba Mdogo, na shemeji, mwambie nimesikia kuhusu bati la jikoni. Binti yako Salma mwambie aache kunyoa nyusi. Mama Zuhura jirani, aliyekata sanda ya mama, mpe salamu za peke yake.

Na wewe uliyemwosha, nijibu hili moja, kwa maandishi, usinipigie. Ulipofika mkono wa kulia, kile kidole kilikuwa bado kimepinda, au kuna aliyekilazimisha kunyooka?

Ni mimi mdogo wako,
Mwanahawa