Kigelegele cha Mama

Tegeta

Kaka Aiman, assalaam alaykum.

Sie wazima, ila umeme unakatikakatika. Kinanda ulichoniachia nimekichomeka kwenye kompyuta. Kilikuwa bubu mpaka nilipokichagua ndani ya programu ya muziki. Kumbe chenyewe hakina sauti, sauti zote zimo kwenye kompyuta. Nikabonyeza kitufe cha pembeni, kikatoka kigelegele cha marehemu mama, kile ulichomrekodi kwenye harusi yangu. Baba akaita toka barazani, “Mama Aiman, nani tena kaolewa?”

Leo asubuhi nimemkuta amekaa mbele ya kinanda. Anabonyeza kitufe kilekile, anatega sikio, anabonyeza tena. Kompyuta imezimwa. Nimeshindwa kumwambia.

Rudi nyumbani, kaka.

Mdogo wako,
Thuraya