Jaji wa Kwenye Skrini Alivyotusimamisha

Shoga Ruthanne, mimi sinema ya hapa mjini sikanyagi tena!!

Si walikuwa wanaonyesha ile filamu ya kale ya maisha ya jaji? Nikaenda zangu na bisi zangu.

Jaji akaingia mahakamani. Na mimi, kwa mazoea ya kazi yangu ya kuita watu wasimame mahakamani, nikasimama. Nikasimama, shoga! Tena nikapaza sauti: "Wote simameni!"

Bisi zote chini.

Na watu WAKASIMAMA. Ukumbi mzima! Mji huu nani sijawahi kumsimamisha mahakamani?

Mzee mmoja nyuma yangu akafoka, "Mama, kaa, hatuoni!"

Nikamjibu, "Hakai mtu mpaka jaji akae." Kwa sauti ileile ya kazini, Ruthanne!

Na huyo jaji sasa, hakai. Yuko tu kwenye skrini anafuta miwani. Anafuta, anafuta.

Mara nikasikia sauti ninayoijua kutoka viti vya mwisho. Jaji Hargrove! Bosi wangu!

"Ahsante, Verlene," akasema taratibu. "Kaeni."

Tukakaa wote.

Na haki ya Mungu, shoga, hata wale wa kwenye filamu wakakaa.