Mtoto wangu asiitwe Wamagiza

Shangazi Atoo wa gazeti letu, nakuandikia mtoto akiwa mgongoni, kwa hiyo ukiona mwandiko umeruka mstari ujue ni yeye amerusha mguu. Nisaidie kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, maana siku hiyo mwanangu anabatizwa, na jina lililopelekwa kanisani ni la mtu mbaya ambaye hata hajawahi kuzaliwa.

Mimi ni Mbukusu wa Bungoma, Kenya, naishi hapa Mengo, Kampala, na mume wangu Sifuna, naye ni wa hukohuko kwetu. Ana duka la kuchapisha pale Wandegeya, karibu na hosteli za wanafunzi, anachapa kadi za harusi na kazi za chuo, lakini kinachojaza watu dukani ni kitabu cha katuni anachochora mwenyewe kila mwezi, na ndani yake kuna mwovu anaitwa Mukulu Wamagiza. Jina hilo Sifuna alilitunga tukiwa tunakula katogo ya ndizi, alitaka lisikike kama la kwetu. Huyu Wamagiza ana macho matatu, la tatu liko kwenye kidevu, anaishi ndani ya mtaro chini ya soko la Kikuubo na ana dhehebu lake, Jamaa ya Moshi. Kazi yake ni kuwaita watu waliochoka wanapopita juu na mizigo, anawaita kwa sauti nzito, wanashuka, wanavaa magunia ya mkaa, wanasahau majina yao na watu wao, halafu anawatuma wakachome mji. Katika toleo la nne aliwaamuru akina mama waache watoto wao wachanga kwenye vikapu mlangoni pa mtaro, na wakawaacha, tena wakicheka. Shangazi, ile mikono iliyoshika kikapu kwenye picha ni yangu. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, Sifuna akaniambia, "Shika hivi, usikunje vidole," nami nikashika, nikidhani ni mchezo.

Sasa mtoto amezaliwa, wa kiume, ana miezi miwili, na analia. Analia mpaka jirani yetu, Mganda mpole ambaye hajawahi kugombana na mtu hata maji yakikatika wiki nzima, alikuja mlangoni akasema, "Banange, Mama Beibi, huyu ana nini?" Kliniki walimpima wakasema ni mzima. Kadi yake ya chanjo imeandikwa Beibi mpaka leo, kwa sababu kwetu jina la mtoto halichukuliwi hivihivi. Akilia sana bibi yake humpakata akaita majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, na jina ambalo mtoto atanyamazia ndilo lake, ina maana yule marehemu amemtaka. Ndiyo sababu mama mkwe wangu alipanda basi kutoka Bungoma.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana, tumemaliza kula. Mama amekaa sebuleni na mtoto, anaita. Masinde? Kilio. Simiyu? Kilio. Khaemba? Kilio hadi kwikwi. Alifika mpaka kwa yule babu aliyekwenda vitani na wazungu na hakurudi. Kilio. Sifuna alikuwa nyuma ya pazia chumbani anajaribu maneno ya toleo jipya, kwa ile sauti yake ya kifuani, wala hakujua mama ameshaanza shughuli. Nikamsikia ananguruma, "Mimi ni Wamagiza! Tua mzigo wako. Wasahau uliowaacha nyumbani, mimi nitakukumbukia." Na mtoto akanyamaza. Kimya kabisa, akapiga na mwayo.

Mama akasimama nusunusu. "Nani amelitaja jina hilo?"

Sifuna akatoka na penseli sikioni. "Jina gani, Mama?"

"Wamagiza. Lirudie."

"Mama, hiyo ni..."

"Lirudie, nimesema!"

Akalirudia. Mtoto akatabasamu. Mama akapiga kigelegele mpaka jirani akatoka nje, halafu akakaa chini akalia machozi, akasema alijua tu kuna mtu wa ukoo tuliyemsahau na ndiye alikuwa anatusumbua miaka yote. Mama hajui habari za kitabu, Shangazi. Mwanawe alimwambia kwamba huku Kampala anachapa kadi za harusi na nyimbo za kanisa. Nilimwangalia Sifuna, Sifuna akaangalia dari.

Ningejua ningesema palepale. Sikusema, na jioni hiyo Mama akampigia simu mjomba wake Sifuna, mzee wa miaka tisini, akaweka spika ili wote tusikie.

"Wamagiza?" mzee akasema. "Wamagiza yule wa upande wa mtoni?"

"Huyohuyo!" Mama akajibu, na yeye mwenyewe hakuwa amesikia habari za mtoni.

"Eee, namkumbuka. Mtu mrefu. Alikuwa na kasoro kwenye jicho."

"Jicho gani, Mjomba?" Sifuna aliuliza, na sauti ilikuwa inamtetemeka, sijui kwa woga au kwa kicheko.

"Nitakumbukaje jicho gani? Alizikwa ng'ambo ya mto. Kaburi nitawaonyesha."

Sasa jina lina kaburi. Mama ameshapeleka jina kwa padre, watu kumi na mmoja wanakuja na basi, na jogoo wao. Sifuna naye alikwenda akasimulia dukani kama kichekesho, basi wanafunzi wamefurahi kupita kiasi, nikipita Wandegeya kununua nyanya wananiita "Mama Wamagiza!" huku wamefunika kidevu kwa kiganja, ndiyo salamu yao ya Jamaa ya Moshi. Juzi mmoja alipiga magoti mbele ya mtoto. Alikuwa anacheka, lakini alipiga.

Nimemwambia Sifuna amweleze mama yake. Akasema, "Nimwambie nini? Kwamba amelilia katuni?" Nikasema ndiyo, hivyohivyo. Akasema, "Ana presha, Nelima. Halafu jina ni jina tu, mtoto akikua nani atakumbuka?" Nikamwambia hosteli nzima itakumbuka, naye akasema, "Tumsubiri kwanza arudi Bungoma." Baada ya ubatizo, Shangazi! Ndipo niseme nini?

Mimi pia sina mdomo wa kumlaumu, na hapa ndipo ninapoona aibu. Kabla ya siku ile mama mkwe hakuwa ananipenda. Alisema uji wangu ni kama maji ya kunawia mikono. Tangu jina lije ananiita mwanangu, anafua nepi, ananiambia nikalale kidogo atamshika mtoto. Na jambo jingine, ambalo hata Sifuna halijui. Mchana nikibaki peke yangu na mtoto, kilio kikizidi, nafungua toleo la kwanza na kumsomea maneno ya Wamagiza kwa sauti nzito kadiri ninavyoweza. Tua mzigo wako. Ananyamaza, analala, na mimi nalala. Nachukia kile kitabu na ninakitumia. Siku nyingine nimechoka kiasi kwamba yule mwovu akisema tua mzigo wako, naona ananiambia mimi, halafu naikumbuka ile mikono na kile kikapu, naamka mbiombio kumtazama mtoto kama yupo.

Nikisema ukweli nitamwaibisha mume wangu kwa mama yake, na mama atarudi kunichukia, na mzee wa watu ataonekana mwongo na miaka yake tisini. Nikinyamaza mwanangu ataitwa maisha yake yote kwa jina la mtu anayewafanya akina mama waache watoto mlangoni. Nifanye nini?

Ni mimi Nelima, Mengo.

*

Nelima, mshushe mtoto kwanza mgongo upumzike, halafu tuongee.

Nimecheka, sitakudanganya. Pale kwenye kaburi nilicheka hadi mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama nimepata habari njema. Nilipofika kwenye kikapu nikaacha kucheka. Ulichokiona ni kweli, mama, na mtu asikuambie kwamba ni uchovu tu. Umechoka, ndiyo, na bado umeona sawa.

Mtoto hajachagua jina lolote. Mtoto amesikia kifua cha baba yake. Miezi tisa alikuwa anaisikia sauti ile kupitia tumboni mwako, leo akiisikia inanguruma anajua yuko kwa watu wake. Mimi nimeolewa kambini, mume wangu alikuwa askari polisi, na kifungua mimba wetu alinyamaza kila baba yake alipoita majina ya gwaride asubuhi. Hatukumwita Konstebo. Kama huamini, leo mpe Sifuna karatasi ya maelezo ya dawa ya homa aisome kwa sauti ileile, neno kwa neno, vidonge viwili mara tatu kwa siku. Utaona mtoto anavyopiga mwayo. Mama mkwe wako awepo na aone.

Na wewe acha kuona aibu kwa kusoma kile kitabu. Ulikuwa unatafuta usingizi, hukuwa unajiunga na Jamaa ya Moshi. Ila badilisha maneno. Sauti nzito unayo, isomee orodha ya vitu vya sokoni.

Sasa kaa vizuri, maana nitakukaripia. Umeniandikia habari za mwovu wa mtaroni anayewafanya watu wasahau majina yao, na wewe na mume wako hamkuona mlichokifanya sebuleni kwenu. Mmoja ametunga. Wawili wamenyamaza. Mzee amekumbuka. Padre ameandika. Watu kumi na mmoja wamekata tiketi. Madhehebu ya hatari huanza hivyo, Nelima, wala hayahitaji jicho la kidevuni, yanahitaji watu wazuri wanaoona haya kusema neno moja siku ya kwanza. Mlikosa kulisema Jumamosi ile. Haya, Jumamosi nyingine inakuja.

Sifuna, najua unasoma, gazeti hili linafika Wandegeya. Wewe ndiye utakayesema, si mkeo. Asubuhi ya Jumamosi hiyo, mama yako akishakunywa chai, kaa mbele yake na kitabu mkononi, umwonyeshe Wamagiza na macho yake yote, umwambie, "Mama, huyu nilimchora mimi, na siku ile niliogopa kukuambia." Usilete habari za presha. Mwanamke aliyepanda basi kutoka Bungoma hadi Kampala na kumpakata mtoto anayelia hivyo ana moyo wenye nguvu kuliko wako. Atakasirika. Mwache akasirike, ni haki yake. Hata kama atacheka, usicheke kabla yake. Kuchora endelea, mwovu ana kazi yake kitabuni, lakini wale wanafunzi uwaambie leo kwamba mtoto hayumo kwenye hadithi, na anayefunika kidevu chake mbele ya mkeo sokoni asikanyage dukani kwako.

Wewe, Nelima, wakati wanaongea kaa jikoni. Usiingie kumwokoa. Ukisikia kimya kirefu, endelea kuosha vyombo. Jumatatu nenda ofisi ya kanisa, useme jina lile lilikuwa kosa na mtaleta jingine. Padre ameshaona makosa makubwa kuliko hilo. Wageni waje, na jogoo aje, shughuli ipo palepale.

Yule mzee msimguse. Msimuulize tena na msimsahihishe. Mtu wa miaka tisini ambaye hatimaye amepigiwa simu kuulizwa jambo angekumbuka hata mimi.

Kuhusu mama mkwe kurudi kukuchukia, sikiliza. Zile nepi hakuzifulia Wamagiza. Alizifua kwa sababu siku ile alijisikia ana kazi kwenye nyumba yako, kwamba alikuja na alichokuja kukifanya kimefanyika. Basi mrudishie kazi yake. Akishamaliza kukasirika mpe mtoto, umwombe kwa heshima aanze upya: "Mama, tuitie tena." Kama atafunga mzigo arudi kwao kwa hasira, msindikize mpaka kwenye basi, usimzuie kwa uongo mwingine. Sidhani atafunga.

La mwisho. Nimesoma barua yako mara mbili. Najua mwovu yule anakaa wapi, wafuasi wake wanavaa nini na jogoo anatoka wapi. Sijui wewe unataka mwanao aitwe nani. Hujaandika popote. Hakuna aliyekuuliza, na naona hata wewe hujajiuliza. Kwenu pia kuna watu mliowazika mkawalilia, watu waliotembea kweli na walioujua uji wako. Mama mkwe akianza kuita Jumamosi hiyo, usisimame mlangoni na sinia. Kaa naye bega kwa bega, na akinyamaza kuvuta pumzi, wewe taja jina unalomtakia mwanao. Litaje kwa sauti ya kusikika. Mtoto akiendelea kulia, litaje tena.

Wako, Shangazi Atoo