Nilimpima Presha Mkono Uliokatazwa

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Jumatano, maana jambo hili sijamwambia mtu.

Mke wangu Mwanaasha anasafishwa damu hospitali kwa mshipa waliomuunganishia mkono wa kushoto, na mimi, karani wa stoo hadi kiwanda kilipobinafsishwa, nimezoea kuandika kila kitu kwa tarehe, basi tangu Oktoba 9 nikawa nampima presha kila asubuhi kwa mashine niliyonunua mjini, mkono huohuo wa kushoto kwa kuwa wa kulia unamuuma bega, na nesi alishanikataza siku mke wangu hajitambui, lakini mimi niliandika "asichomwe sindano" tu, la presha likanipita. Februari 20 mtetemo wa mshipa, unaoonyesha kuwa damu inapita, ukapungua. Machi 3 daktari akaupima kwa ultrasound, akatuonyesha kwenye skrini ulipobana, akasema Jumatano atapitisha kijiputo ndani autanue huku akifuata picha hiyohiyo, bila ile dawa ya kuchomwa ili mshipa uonekane kwenye eksirei, inayoweza kuumiza figo zaidi. Akauliza, "Kuna anayempima presha mkono huu?" Mwanaasha akawahi, "Ni mimi, daktari, nilibeba mkungu wa ndizi kutoka kwa mama kule Kinole." Nikanyamaza. Sasa hataki kwenda. "Niache, Baba Abeid, nimeuharibu mwenyewe, watautengeneza mara ngapi?" Akijua ukweli, naogopa hatanipa tena mkono wake. Nifanyeje?

Karani, Morogoro

Karani, pole kwa kuuguza. Sasa nisikilize.

Unadhani hajui? Kila asubuhi alikunyooshea mkono huo mwenyewe. Daktari kauliza presha, yeye kajibu ndizi. Mkeo alikuwa anakukinga wewe, na nadhani anaikwepa Jumatano ili usiulizwe tena. Kukosea uliponakili, nakusamehe. Kumwachia mgonjwa abebe kosa lako, hapana.

Nimemuuliza nesi wa kazi hiyo. Anasema mishipa hii hubana mara nyingi hata bila kuguswa, kwa hiyo hakuna wa kuapa kuwa ni wewe. Ila ukiachwa unaweza kuziba kabisa, akakosa pa kusafishiwa. Na picha itamwonyesha daktari palipobana tu. Mliyoyafanya nyumbani atayajua mkimwambia.

Leo, kabla ya kula, mwambie: "Mwanaasha, ni mimi, na daktari nitamwambia mwenyewe." Akikasirika, hapo ndipo unyamaze. Kesho nenda ukaseme, uulize presha apimwe wapi. Mtetemo ukitoweka, mkimbilie hospitali siku hiyohiyo, hata ikiwa Idi.

Jumatano mwulize kama anataka umsindikize. Akikataa, asindikizwe na ndugu yake. Wewe baki, lakini yeye aende.