Nilikwenda Kuwa Ubongo wa Kawaida

Shoga, shika simu! Nimekaa kwenye ngazi za hospitali nacheka peke yangu, mlinzi ananitazama kama nimechanganyikiwa.

Si unajua leo nilimpeleka mwanangu kwenye ule utafiti wa kupima usonji kwa picha za ubongo? Wakaomba na mzazi aingie kwenye mashine, wapate ubongo wa kawaida wa kulinganisha. Mimi huyo, mbele! Kawaida si ndiyo mimi?

Mwenzangu, ile mashine inagonga gon-gon-gon, watu wanaiogopa, mimi nikasinzia. Raha mustarehe.

Daktari akatazama picha. Akatazama tena. Akaniuliza polepole, "Mama, nguo zako huwa unakata lebo za shingoni?"

NAKATA ZOTE.

"Na kwenye sherehe?"

Shoga, harusi yako nilikuwa wapi? Si chooni, nimezima taa?

Akasema kipimo bado ni cha majaribio, nisijipe jina mpaka nichunguzwe vizuri. Lakini kwenye picha nimempita mwanangu kwa dalili. NIMEMPITA! Mimi niliyekuja kuwa kawaida!

Nililia kidogo. Kisha kicheko kikanishika, hakijaniachia.

Mwanangu akaziangalia picha zetu mbili kwenye kompyuta, akasema, "Mama, kumbe na wewe." Akarudi kuhesabu vigae vya sakafuni.

Na mama mkwe, kila tukienda kwake: "Huyu mtoto kamfuata nani? Kwetu hakuna hivi."

Natoka hapa naenda kwake. Picha ninayo.