Dirisha la Malukhu

Jinja, 3 Julai 2025

Mke wangu Shamira,
Salaam aleikum. Hujambo wewe na mtoto? Mama naye? Mimi mzima, ila chai najipikia na ubaya wake naujua. Naandika kwa sababu nikipiga simu anapokea mama yako. Arobaini yako ya uzazi huko kwenu inatembea polepole. Mtoto anafanana nami, au bado?
Mumeo, Ukasha

Malukhu, Mbale, 12 Julai

Baba Ramlah,
Waaleikum salaam. Sote wazima. Ramlah kachukua pua yako, maskini. Jirani yetu mwalimu Norman katufundisha jambo: Waingereza upepo wanauita "wind", na dirisha, "window", limetoka humo humo. Watu wa zamani wa kaskazini mwa Ulaya waliliita jicho la upepo. Nilicheka! Miaka mitano nimelala na fundi madirisha, hajaniambia.
Mkeo

Jinja, 16 Julai

Mama Ramlah,
Hamjambo? Mimi si sana. Miaka kumi na moja nachomelea madirisha ya chuma, hakuna mteja aliyeuliza yamezaliwa wapi. Nimeazima kamusi kwa Otim, askari magereza. "Wind" yao ni upepo, ni pumzi ya anayekimbia, ni tarumbeta na wenzake, ni gesi ya tumboni. Hiyo ya mwisho mwalimu aliifundisha?
Swali moja tu. Mzazi kwetu Wanubi hufungiwa ndani siku arobaini, dirisha limefungwa, upepo usimguse. Sasa huyo Norman alipitia wapi? Nisipojibiwa, siji kukuchukua.
Mumeo, nadhani

Malukhu, 4 Agosti

Ukasha,
Salaam. Ramlah hajambo. Sikukujibu kwa sababu uliniumiza. Norman alikuwa uani akiongea na mama. Sauti yake imezoea darasa la watoto mia, ukuta hauizuii. Uso wake sijauona tangu nijifungue.
Arobaini ilitimia jana. Mama alipika, udi ukafukizwa, kila gari likisimama nje tunanyamaza. Unajua kwetu siku hiyo mume huja mwenyewe kumchukua mkewe. Mjomba Faruk akaniuliza mbele ya watu, "Binti, umeachwa?" Nikamwambia, "Sijui, mjomba. Ana kamusi." Walicheka wote, mimi sikucheka. Mjomba anasubiri jibu lako hadi Ijumaa.
Mama Ramlah

Jinja, Alhamisi 7 Agosti

Shamira wangu,
Salaam kwako, kwa Ramlah, kwa mama, na kwa mjomba zaidi. Yako imefika sasa hivi. Nimekosa, na karakana nimeifunga. Barua hii sikumpa dereva wa basi kama zile nyingine. Anayekukabidhi ni mimi. Isome nikiwa nimesimama hapo hapo, usinikaribishe kabla hujamaliza.
Mumeo, Ukasha

Ila huyo mwalimu, ana mke?