Mtoto wa Sura ya Tisa

Neema,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo kwa sababu salamu yoyote nyingine ingekuwa uongo. Siku tatu ulikaa darasani na homa, unaniambia, "Ni uchovu tu, Zaituni, naandika sana." Siku ya nne wakakupakia kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mama yako, kutoka Kigwena mpaka hospitalini Rumonge. Nilipofika, bado nina sare ya shule, mama yako alikuwa ameketi chini kwenye saruji, ameshika viatu vyako. Malaria. Ugonjwa ambao hapa kila mtu anaujua. Ungesema tu. Ungesema!

Sasa ni miezi minne tangu tukuzike. Ziwa limepanda tena, limeingia kwa watu kule chini, na wauza samaki wa ndagala wamehamia karibu na barabara. Kwenye benchi letu wamemkalisha msichana wa kutoka Minago. Hajui ni nafasi ya nani, na mimi sijamwambia.

Nazungukazunguka. Ninachotaka kukueleza ni habari ya kitabu chako.

Uliniletea sura moja kila Jumatatu, umeiandika kwenye kaye, daftari la hesabu, ili waalimu wasishtuke, nami niliisoma wakati wa mapumziko, nimeegemea ukuta wa nyuma wa darasa. Kamikazi, miaka kumi na tano. Baba amezama ziwani, mama amelala kitandani na hataki kuamka, na yeye anachemsha mawese alfajiri, kisha anakwenda shule na kuwaambia waalimu kwamba nyumbani wote wazima. Na Dodo, mdogo wake wa miaka mitatu, yuko mgongoni kila saa. Sikuwahi kusoma hadithi ambayo msichana ananuka moshi kama mimi. Wewe ulizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, Kiswahili chako kilikuwa kimepigwa pasi. Nikisema "mutoto iko mugonjwa" ulinicheka mpaka machozi. Lakini Kamikazi ulimwacha aseme hivyohivyo. "Siwezi kumvalisha nguo za kuazima," ulisema.

Halafu ikaja sura ya tisa. Siku ya mtihani wa taifa, Dodo ana homa. Kamikazi anamnywesha maji, anafunga mlango kwa nje, anakwenda kufanya mtihani. Akirudi, mtoto ameshakuwa baridi. Na mtihani anafaulu.

Nilikutupia kaye yako. Nilikuambia, "Mponye. Mwache jirani amsikie akilia." Siku ya tatu, kwenye njia ya michikichi, ukanieleza bila kunitazama: Eliya, mdogo wako. Wewe miaka kumi na moja, kule kambini. Mama amekwenda kupanga foleni ya chakula, amekuachia mtoto mgonjwa, na shuleni kuna jaribio. Ukaenda. Baadaye ukamwambia mama ulitoka kidogo tu, kuteka maji. "Sitamponya Dodo," ulisema. "Nikimponya kwenye karatasi, nitakuwa nimemwacha Eliya mara ya pili." Ukaniapisha nisimwambie mtu.

Sikumwambia mtu.

Ulipokufa, Bwana Direkta, mkuu wetu wa shule, alisema siku ya kufunga muhula shule itakukumbuka kwa kusoma hadithi yako. Nilifurahi kama mjinga. Kaye zote tatu nilimpa kwa mikono yangu. Baada ya siku chache akaniita ofisini. "Binti, hii ni giza tupu. Vijana wanahitaji matumaini. Na hakuna msichana wa hapa anayeweza kumfungia mdogo wake mgonjwa, akaenda zake kuandika mtihani." Neema, nilikuwa na jina la Eliya mdomoni. Nikalimeza, kwa sababu ya kile kiapo chako. Akaendelea: mwandiko wangu ni mzuri, niandike sura hiyo upya, jirani avunje mlango, mtoto apelekwe hospitalini, apone.

Nikaandika.

Hata sikulazimishwa sana. Nilikaa pale kwenye meza ya katibu, na kabla kengele haijalia Dodo alikuwa amepona. Nikamwekea hata ndizi mkononi.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa wazazi. Mama yako aliketi mbele, amevaa kitenge cha mazishi. Nikasoma. Watu wakapiga makofi, wengine wakafuta macho. Mama yako hakupiga makofi. Alisimama.

"Murakoze," alishukuru kwanza, kwa heshima. "Mimi sijui kusoma. Lakini Neema alikuwa ananisomea nikichambua ndagala. Huyo mtoto alikufa. Mwanangu aliandika kwamba alikufa. Nani amemfufua?"

"Ni mimi, mama," nilisema. Sijui kama alisikia, kwa sababu Bwana Direkta alikuwa ameshasimama, anaeleza kwamba mama ana majonzi, tumwelewe, na kwaya ianze. Kwaya ikaanza. Wakamwimbia juu ya kichwa mpaka akaketi.

Kesho yake nikaenda kudai kaye zako. Zimo kabatini, akasema, bado zinaangaliwa. Nikarudi wiki iliyofuata: zinaangaliwa. Zinaangaliwa na nani? Mara ya tatu nilikwenda na mama yako. Alipewa kiti, akapewa na pole nyingi. Mara ya nne, niko naye tena, kabati lilikuwa wazi, tupu. "Tulisafisha ofisi," alisema, kama mtu anayeeleza habari ya buibui. Nilipiga meza kwa mkono. Nimesimamishwa shule wiki mbili kwa sababu ya hiyo meza, na sijutii hata siku moja.

Tulipotoka pale, kwenye uwanja wa shule, nililia kwa hasira. Mama yako akanishika bega. "Zaituni, wewe unajua kuandika. Mimi nayajua maneno. Njoo Jumapili."

Kwa hiyo kila Jumapili niko kwenu Kigwena. Yeye anachambua samaki, anasema, mimi naandika. Ameshika kichwani kitabu chako karibu chote, pamoja na mahali ulipokuwa unavuta pumzi. Tunabishana. Ananiambia, "Hapana, hapo Kamikazi alinyamaza," nami nafuta.

Jumapili iliyopita tulifika sura ya tisa. Niliweka kalamu ya biki chini. Nilisema tunaweza kuiruka leo, tutairudia.

"Andika," alisema, bila kuinua macho. "Unadhani simjui huyo mtoto ni nani?"

Akaniambia ulimsomea sura ile mara moja, sauti yako inakatika. Akajua hapohapo kwamba hukwenda kuteka maji. Hakukuuliza neno. Alikuambia tu, "Soma tena." Ukasoma tena. Kisha mkapika, mkala sahani moja.

Neema! Alijua! Mliyamaliza kati yenu, na mimi huku nimefunga mdomo mbele ya yule mtu, namwacha aseme hakuna msichana wa namna hiyo, kwa ajili ya siri ambayo haikuwa siri tena! Kwa nini hukuniambia? Neno moja tu lingetosha. Nimelia, nimekutukana, nimelia tena. Mama yako alinisubiri nimalize, halafu akanitajia sentensi iliyofuata.

Nimeiandika yote. Mlango, maji, mtihani, mwili wa baridi. Nimeandika pia kwamba alifaulu.

Zimebaki sura tatu. Tukimaliza nitainakili hadithi mara mbili: nakala moja itakaa kwa mama yako, nyingine nitaisoma kwa sauti kule wanakochemsha mawese, kwa wasichana walioacha shule. Akija mtu kusema ni giza, nitamwambia akae nje, tutamwita tukimaliza. Sitaponya mtu yeyote ambaye wewe hukumponya. Hilo nakuahidi.

Kwaheri, rafiki yangu. Msalimie Eliya. Hasira bado ninayo, usidhani imekwisha.

Wako,
Zaituni